Nungunungu na Ghala la Kichuguu

Hapo wanyama walipokuwa bado wanaaminiana kwa chakula, waliweka akiba yao ya kiangazi katika kichuguu kimoja chenye vyumba vingi. Mlinzi alikuwa Nungunungu, mwingi wa kujisifu. Alimnusa kila aliyeingia, na kweli hakuna mgeni aliyewahi kumpita.

Asubuhi moja Kuchakulo alitoka na kunde mkononi, uso umemshuka.

"Mjomba, hizi ni za Kanga. Nimekosea chumba, nikachota, na hakuna aliyeniuliza. Hapa mlangoni unatujua sisi ni nani, lakini tukishaingia kila mtu anajichotea anapotaka."

Nungunungu akasimamisha miiba. "Yaani umeiba, halafu unataka nikushukuru? Kuanzia leo hukanyagi hapa."

Kisha, ili wenye akiba watulie, akaanza kuwanusa mara mbili mbili. Foleni ikarefuka, naye akajiona mchapakazi.

Siku chache baadaye aliingia kuchukua viazi vyake, akakuta chumba kitupu. Akaketi kufikiri. Wote walioingia aliwanusa na kuwaruhusu mwenyewe, kwa hiyo mwizi angeweza kuwa yeyote kati yao.

Akaenda kwa Kuchakulo, tumbo likinguruma.

"Umekuja kuniomba radhi, mjomba?"

"Radhi baadaye. Nataka mlinzi wa ndani, wa kuhakikisha kila mtu anafungua chumba chake tu. Na katika pori hili zima, wewe peke yako ndiye nisiyeweza kumshuku. Nilikufukuza mwenyewe."