Tundu la Bondeni

Kidole cha karani wa zahanati kilipenya kwenye ramani, kikagusa ukuta wa baridi.

Miaka sita alikuwa akiichoma ramani ile pini: nyekundu kwa mtoto anayeharisha, buluu kwa kikohozi, njano kwa aliyekonda mno. Mtoto akipona, pini inatolewa. Akifa, inatolewa vilevile. Kwingine kote palibaki vitobo vya hapa na pale. Lakini bondeni, ambako rangi zote tatu zilichomwa pamoja, karatasi ilikuwa imelika ikawa tundu. Kumbe pini zenyewe ndizo zilizoliziba. Jana alitoa za mwisho.

“Umesema bondeni, dada?” aliuliza bila kugeuka.

“Bondeni, kaka. Pale chini ya kiwanda cha ngozi, kwenye kile kisima.”

Nyuma yake mtoto alikuwa akikohoa kikohozi kikavu, kisichompa nafasi hata ya kulia. Karani alikwisha kuuona mkono wake ukining'inia begani kwa mama, mwembamba kama mpini wa kijiko.

“Na tumbo?”

“Anaharisha tangu juzi. Hata maji hayakai.”

“Jina lake?”

“Kwani hunikumbuki, kaka? Ndugu zake watatu uliwaandika wewe mwenyewe.”

Karani akachukua pini tatu, moja ya kila rangi. Akajaribu kuchoma pembeni mwa tundu. Karatasi ikachanika.

Kikohozi kikakatika.

Karani hakugeuka.