Kompyuta Iliyogoma Kuzimika

Binti yangu alibonyeza "Zima", lakini kompyuta ya baba yake haikuzimika. Ilifunga programu moja baada ya nyingine, kama mtu anayefunga madirisha ya nyumba kabla ya kulala, kisha ikasita. Maandishi yakatokea: "Kinasa sauti bado kinarekodi. Ungependa kuhifadhi?"

"Mama, hii inarekodi tangu Jumanne," alisema.

Jumanne ndiyo siku tuliyompoteza baba yake. Alikuwa ameketi kwenye kiti hiki hiki, akiwarekodia wanafunzi wake somo, mlango ukiwa wazi.

"Lazima tuijibu," binti yangu aliendelea. "Nikichomoa waya, rekodi yote inapotea."

Niliutazama waya. Ulikuwa mweupe, umepita chini ya meza na kulala juu ya kidole gumba cha mguu wangu. Kuuvuta ni kufumba na kufumbua, na ningesema nimejikwaa.

Ndani ya mashine ile imo sauti yake ikiniita mara mbili. Yangu pia imo, kutoka jikoni, ikimjibu, "Nakuja." Halafu ni maji ya bomba, na masufuria, na mimi nikiimba, kwa muda mrefu.

Kila aliyekuja kutupa pole nilimwambia kwamba mume wangu alikata roho kimya, hakumwita mtu.

"Mama? Nihifadhi?"

Niliuondoa mguu chini ya waya.

"Hifadhi," nilisema. "Halafu vuta kiti, mwanangu. Kabla hujasikiliza, nina neno la kukuambia."