Nukta Isiyosogea

Nukta nyekundu kwenye ramani ilikuwa haijasogea kwa siku tatu, na Dada Stoo alikuwa anacheza.

Alicheza katikati ya maboksi matupu, kompyuta kaikumbatia kifuani, akizungusha kiuno bila muziki wowote. Muuguzi mkuu alifungua mlango wa stoo ya dawa, akamtazama, akaufunga. Halafu akaufungua tena.

"Kheri lakini?"

"Nimemnasa, dada'angu! Nimemnasa!"

Aliyenaswa alikuwa hajulikani bado. Lakini mahali alipo palijulikana, na hilo lilitosha kumpa mtu mzima kichaa cha furaha. Tangu mwaka jana, lori la dawa lilikuwa linatoka bohari kuu siku ile ile iliyopangwa, na kufika kituoni limechelewa siku tatu, wakati mwingine nne. Bohari walisingizia barabara. Barabara yenyewe ni lami mwanzo hadi mwisho. Madereva, kila mwezi sura mpya, walishusha mzigo huku wakiangalia pembeni. Na huku nyuma, akina mama wodini waliandikiwa dawa kwenye vikaratasi, wakaambiwa wakajitafutie huko nje. Hilo ndilo lililomuuma Dada Stoo.

Alipochoka kulalamika, aliandika ombi. Kulikuwa na mfuko uliotangaza kugharamia utafiti wa wenyeji, watu wanaojua dawa zinakokwama kwa sababu ndio wanaozisubiri. Akaandika kurasa mbili tu, akakubaliwa, akanunua kidude cha kufuatilia mizigo, na rafiki yake wa bohari akakitumbukiza ndani ya boksi la glavu. Wataalamu wa kutoka nje walikuwa wameomba mwaka mzima wa kuchunguza. Yeye alitumia wiki moja.

Leo kamati ya mfuko ilikuwa inakuja. Ikiridhika, utafiti ungeenea vituo vyote vya mkoa na yeye angeuongoza. Isiporidhika, kazi ingechukuliwa na wale wataalamu, na wodi ingesubiri mwaka mwingine.

Simu ikaita. Mama yake.

"Mwanangu, safari hii nimempata."

"Mama, nina wageni wakubwa leo."

"Hanywi, havuti, ana adabu zake. Na huyu sikumwendea papara kama wale wengine. Nimemchunguza nikamaliza."

Wale wengine walishapita kumi. Mama alimtafutia binti yake mume kwa bidii ambayo, kama bohari ingekuwa na robo yake, kusingekosekana hata kidonge. Mmoja alikataliwa kwa kukoroma. Mwingine kwa kuacha wali kwenye sahani. Dada Stoo hakuwahi kutambulishwa kwa hata mmoja wao, na hakuwa na haraka.

"Tutaongea, mama."

"Lini? Tangu nihamie huku hujakanyaga hata mara moja. Kila nikikuita, ooh, nasubiri lori."

"Dawa zikianza kufika kwa wakati, nitakuja nikae mwezi mzima. Haya, niombee."

"Nakuombea kila siku. Tena si kwa mdomo tu, na kwa vitendo."

Saa nne kamati ilikuwa imeketi kwenye chumba cha mikutano, watu watatu na chupa tatu za maji. Mwenyekiti, mzee wa miwani minene, alisogeza kiti hadi pua ikakaribia kugusa ukuta ilipomulikwa ramani. Kwenye picha ya ramani aliyoihifadhi alfajiri, nukta ilikuwa pale pale, kwenye njia panda moja ambayo ramani haikuona haja ya kuipa jina.

"Lori linachelewa kila mwezi, na linapokwama ni hapa," alisema Dada Stoo, sauti ikipanda yenyewe. "Halipumziki saa moja, halipumziki mbili. Linalala siku tatu! Barabara haina kosa, bohari haina kosa. Hapa kuna mtu, waheshimiwa. Sijui ni jambazi, sijui ni mlanguzi, lakini yupo."

"Na ukikuta ni mtu mzito?" mwenyekiti aliuliza.

"Hata awe nani! Nitamtaja mbele ya kadamnasi." Akapiga meza, chupa moja ikaanguka, naye akaidaka hewani. Kamati ikacheka. Hata yeye alicheka, maana moyo ulikuwa unamruka na hakuona sababu ya kuuficha.

Wajumbe wakanong'onezana. Mwenyekiti akavua miwani.

"Binti, wiki moja umefanya kilichowashinda wengi. Mradi ni wako. Limebaki jina tu la huyo mtu, tuliandike kwenye ripoti."

Honi ikalia uani, ndefu, ya madaha. Wote wakageukia dirishani. Lilikuwa lori la dawa.

"Kumbe bahati," alisema mwenyekiti. "Mwiteni dereva."

Dereva akaingia, kofia kichwani. Kwa mtu aliyetoka safari ndefu alikuwa nadhifu mno: kanyoa, shati limenyooshwa kwa pasi, manukato yakamtangulia mlangoni. Akasalimia wakubwa, akaulizwa wazi kilichomweka njiani siku tatu, naye akajibu wazi vilevile.

"Wazee wangu, sisi tunaonewa tu. Pale njia panda kuna mama ana nyumba ya wageni. Ukisimama kunywa maji, umekwisha. Anakulisha bure, anakulaza bure, ila ufunguo wa lori anaufungia kabatini mpaka amalize kukuhoji. Wazazi wako ni nani, umewahi kuoa, ukikasirika unafanyaje. Madereva wote tumepita mikononi mwake tangu mwaka jana."

"Anawahoji ili iweje?" mwenyekiti aliuliza, kalamu tayari.

Dereva hakumsikia. Alikuwa amemwona Dada Stoo. Akavua kofia, akaweka kola sawa, akatabasamu meno yote nje.

"Dada, kumbe ile picha ya sebuleni kwa mama ni wewe kabisa," alisema. "Amenituma nikwambie mimi nimefaulu."