Folda ya Mama Mkwe

Siku hizi mtu asiyekuwemo katika folda ya familia mtandaoni huhesabiwa hana ndugu, na asiye na ndugu huchukuliwa akafie kwenye Makao. Ndiyo maana Atuganile, pamoja na utu uzima wake, alijiandikisha darasa la jioni ajifunze kuwapanga watu wake.

Aliomba kwanza, kisha akapanga. Wanawe wawili aliwaweka pamoja naye. Mama mkwe, mama wa marehemu mumewe, alimfungulia folda ya peke yake, juu kabisa, kwani mkubwa hachanganywi na watoto.

"Umemjengea bibi wa watu ghorofa!" Anyitike wa dawati la nyuma akamtania, darasa likacheka.

Mwalimu Kibona hakucheka. "Mama, umeshahifadhi?"

"Nimeshahifadhi, mwalimu, kwa msaada wa Mungu."

"Basi umemtoa kwenye familia, na aliyetolewa harudishwi. Kesho watamfuata."

"Yesu wangu! Mimi nilikuwa namheshimu!"

"Mashine haijui heshima, mama. Inajua kuhesabu. Mtilie mwenzake humo, wakiwa wawili ni familia, hawachukuliwi. Ila huyo naye hatakuwa wako tena."

Atuganile akaligusa jina lake mwenyewe, akalivuta. Skrini ikakataa: mwenye folda hahamishwi.

Yakabaki majina ya watoto. Mwalimu akamhimiza, kwani wenzake walikuwa wanasubiri alama zao. Atuganile akaanza kuomba kwa sauti ya chini, na kidole chake kikashuka kuelekea jina la yule mdogo, kwa kuwa ndiye aliyezoea kulala na bibi.