Mlango wa Abiria

Gari lilikuwa la Kimarekani, la mwanzoni mwa miaka ya sabini, milango miwili na injini kubwa. Mjini kote hapakuwa na jingine. Mzee Shekivuli alitaka lirudi kama alivyolinunua jipya. "Ila mlango wa abiria uache," alisema. "Huo mzima, haujawahi kuguswa."

Lakini Kaniki, fundi wa bodi, hakupenda rangi zipishane, akaupiga msasa na huo. Chini ya rangi ikatokea puti, lile rojo la kuzibia mabati. Alipoikwangua ikadondoka, ikaacha tundu la risasi, kingo zake zimepinda kuelekea nje. Aliyefyatua alikuwa ndani, kwenye kiti cha dereva.

Akaziba tundu kwa kiganja.

"Vipi, fundi?" Mzee aliuliza nyuma yake.

"Kutu kidogo tu, mzee wangu."

"Kutu." Mzee akashusha mlango wa karakana taratibu, kisha akamletea kibao chenye puti. "Basi pazibe."

Puti ilikuwa laini, imeshachanganywa na dawa ya kuigandisha. Puti ya hivyo huganda kabla hujamaliza sigara. Mzee alikuwa ameichanganya kabla hata ya kuuliza.

Kaniki alikipokea kibao kwa mkono mmoja. Wa pili ulikataa kutoka mlangoni.