Nusu Mzunguko

Mlingoti wa mashua ulikuwa umeinamia upande wa dada mkubwa, na nati ambayo yeye na mdogo wake waliining'iniza kileleni kwa uzi, iwe timazi, ilisema hivyo hivyo.

Ndugu hawa walikuwa hawajasemeshana tangu wamzike mama. Lakini mnunuzi wa mashua yao alikuwa njiani, na mlingoti haunyooshwi na mtu mmoja. Waya unaoushikilia kulia na ule wa kushoto hukazwa kwa zamu, kila mmoja akimtajia mwenzake kiasi.

"Nusu mzunguko," alisema mdogo, bila kuinua macho.

"Nusu," alijibu mkubwa, lakini spana yake ikazunguka zaidi, kama kawaida yake.

Nati ikazidi kwenda kwake.

"Dada, umevuta mno."

Mdogo akajiandaa kwa matusi. Mkubwa aliitazama ile nati, akajifuta jasho, kisha akafanya jambo ambalo mdogo wake hakuwahi kuliona maishani: akalegeza.

Nati ikayumba, ikagusa shina la mlingoti, ikatulia.

"Hodi!" mnunuzi aliita kutoka gatini. "Ndiyo yenyewe hii?"

"Ndiyo yenyewe, kaka," alijibu mkubwa, huku akimrushia mdogo wake kamba ya tanga. "Ila utusamehe. Haiuzwi tena. Imeshapata wenyewe."