Hondohondo Apima Njaa

Mto ulipofurika na kuyajaza maji mashimo ya panya buku, Mama Buku aliokoa kikapu kimoja tu cha karanga. Wiki hiyo hiyo Hondohondo akatua kutoka ng'ambo, eti amekuja kupima njaa ili msaada uletwe. Kwao mgeni haachwi na njaa, basi akakaangiwa karanga. Akarudi mara ya pili, akala. Akarudi mara ya tatu na karatasi zake.

"Mama, akiba yenu imekwishaje?" akauliza, jicho kwenye sahani.

Uvumilivu ukamwishia Mama Buku. Akaipindua ile sahani tupu.

"Andika: Hondohondo."

"Lakini mimi ndiye ninayewatetea!"

"Tutetee ukiwa umekula kwako. Na ukirudi, uje umebeba."